Siku tuliyopima bafle kwa sauti ya mama

Papa alikuwa anapima bafle, spika kubwa za muziki, kwa kifua. Mafundi wengine wa sono, yaani vyombo vya sauti, wanatega sikio, yeye aliweka kiganja juu ya mfupa wa kifua, akafumba macho, akasema, "Iyi iko na nguvu," au, "Iyi ni boksi tupu." Kule Uvira watu walimsifu kwa hilo. Tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, aliendelea vilevile na hakuna aliyeshangaa. Mimi peke yangu nilijua kwamba sasa alikuwa amebaki na kifua tu.

Masikio yake yaliharibika siku tuliyokimbia. Mizigo ilikuwa imefungwa, mama anamvalisha koko sweta. Koko ni mama yake papa. Papa akasema hawezi kuiacha mikseri ya kwaya kanisani, akarudi kuichukua. Bomu likaanguka nyuma ya ukuta wa kanisa. Alitoka ameikumbatia mikseri kama mtoto mchanga, damu imeshuka kutoka sikio la kuume mpaka kwenye kola ya shati. "Haiko kitu," alisema kwa sauti kubwa mno. Tangu siku ile anasema kila jambo kwa sauti kubwa mno, hata sala ya chakula.

Koko hakuweza kutembea. Mama akabaki naye. "Wiki mbili tu," alituambia, akanifunga kifungo cha juu cha blauzi ambacho nilikuwa nimekifunga tayari. Tukavuka ziwa watatu: papa, mdogo wangu na mimi. Mikseri tuliiuza Kigoma tukapata nauli ya kuendelea.

Kanisani kwetu Dzaleka kulikuwa na bafle mbili za kuazima, kubwa kama kabati, na papa alipewa kuzisimamia kwa sababu wa Uvira walimkumbuka. Mimi nilikaa benchi la kwanza, upande wa ukuta, si kwa ajili ya utakatifu. Jumapili ya kwanza mikro ilipiga larseni, ule mlio mwembamba unaochoma meno mikro inapojisikia yenyewe ndani ya bafle. Watu wote walikunja nyuso. Papa alitulia kama hakuna kitu. Bila kufikiri nikashika sikio langu. Akaniona, akashusha sauti. Jumapili iliyofuata nikashika tena. Ikawa kawaida yetu: sikio ni larseni, kiwiko ni besi imezidi, kidevu ni mwimbaji amezama. Hatukukubaliana wala hatukuwahi kuizungumzia. Mimi ni mtu wa haya, mwalimu akiniuliza darasani jibu langu linaishia kwenye daftari, kwa hiyo kazi ya kujishika mwili ilinifaa kuliko kazi ya kusema.

Kwa nini nilimficha? Nimejiuliza mara nyingi. Kambini mtu anatambulika kwa kitu kimoja kilichobaki. Yule alikuwa mwalimu, yule alikuwa na ng'ombe. Papa akipita sokoni walisema, "Huyu njo fundi wa sono." Nikiondoa hilo atabaki mwanaume mmoja anayetengeneza redio za watu mlangoni pake na kupiga kelele. Na nitasema la ukweli: niliona haya pia kwa ajili yangu. Sikutaka kuwa mtoto wa kiziwi.

Sasa nifike kwenye vokali, ujumbe wa sauti wa simu.

Simu ilikuwa moja ya nyumba nzima, na mimi ndiye niliyeipeleka asubuhi kwa mtu mwenye sola, karibu na soko, ili ipate moto. Siku hiyo ujumbe wa sauti wa mama uliingia nikiwa bado kwenye foleni. Nikausikiliza nimesimama pale, nimeinamia ukuta.

"Papa batoto, njo mimi. Batoto banaendelea je? Sasa sikia. Dada yako anasema atakamata koko, akae naye. Kuna bateau inatoka siku ya ine kwenda Kalemie, mi na jirani tunaweza kupanda, kisha nitawafuata pole pole. Lakini mi siwezi kuacha mama yako bila we kusema. Sema tu, kuja, ao bakia. Yenye utasema njo nitafanya. Unijibu leo, papa batoto, juu bateau haitaningoja."

Asiyetoka kwetu anaweza kuuliza kwa nini hakupanda tu hiyo meli. Mke hamwachi mama wa mume wake mgonjwa bila neno la mume. Akimwacha, hata akifika salama, watu wa kwao watasema alimtupa mzee. Mama alihitaji neno moja.

Nilikimbia nyumbani. Papa alikuwa na redio wazi juu ya magoti. Akachukua simu, akaipeleka kwenye sikio, akafumba macho. Nilikuwa nimesimama na beseni mkononi, ninamwangalia. Alitikisa kichwa kuitikia mahali ambapo hapakuwa na cha kuitikia. Mama aliposema bateau haitangoja, alitabasamu. Ujumbe ulipokwisha hakujua kwamba umekwisha, akaendelea kushikilia simu kidogo. Kisha akabonyeza, akajibu kwa ile sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

"Aksanti mama batoto, nimesikia yote! Tuko muzima. Tunakuombea. Usalimie mama, umutunze vizuri!"

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni: papa, hujasikia. Yalikaa pale. Nilijiambia, labda amesikia, labda ameamua hivyo kwa sababu ya koko. Nilijua siyo. Nikaenda na beseni langu kwenye bomba.

Jioni mama alituma jibu fupi. "Ni sawa, papa batoto. Nimesikia." Sauti ya mtu anayetua mzigo kwa sababu mikono imechoka. Papa alilipeleka hilo nalo sikioni, akasema, "Mama yako iko muzima. Mungu ni mwema."

Bateau ilikwenda. Vita vyenyewe vikaingia mjini, na simu ya mama ikanyamaza. Ujumbe tuliotuma ulibaki na alama moja, ile ya kuonyesha umetoka kwako lakini haujafika kwa mwenzako. Majirani wakamuuliza papa, "Mama iko wapi? Mbona hakuje?" Naye akawajibu, mbele yangu, "Mi namungoja yeye aamue. Siku atasema nakuja, nitasema kuja."

Nilikuwa nikiyasikia hayo ninaosha vyombo, na navyo nikaviosha sana.

Zikapita wiki kadhaa. Ndugu wa kwaya waliopata safari za kwenda nchi za mbali wakatuchangia tupate sono yetu wenyewe, tuache kuazima. Ikaitwa kamati. Vijana walitaka masanduku mawili ya besi, yale ya inchi kumi na nane, "ili block yote ijue kwamba kwaya iko na kazi." Mama prezida wa kwaya akasimama. Ni fundi cherehani, mwembamba, mdomo wake ni mkasi mwingine.

"Kilio ya juzi pale kwa jirani," alisema, "mi nilisikia besi tu. Sikujua kama pasta anafariji bantu ao anawatukana. Na tena, ile boksi nani atabeba? Inaomba kabaza tatu, na wa ine wa kusukuma."

Watu walicheka, kwa sababu ni kweli. Kwetu vitu vinabebwa na kabaza, baiskeli za kulipia, na kazi zetu nyingi ni ndogo: kilio uani kwa mtu, harusi ndani ya darasa la shule, ubatizo. Watu themanini, mia, wamekaa kwenye mikeka. Wa mbele wanazibwa masikio na wa nyuma wanauliza, "Amesema nini?"

Papa akaeleza, na alieleza vizuri. Alisema kuna bafle za siku hizi, nguzo nyembamba yenye spika ndogo kama vikombe, zimepangwa mstari mmoja kutoka juu kwenda chini. Sauti zao zinashikana, hazipotei juu kwenye mabati wala chini kwenye vumbi, zinakwenda mbele zimenyooka, kwa hiyo wa nyuma anapata karibu sawa na wa mbele. Chini ya nguzo kuna sanduku moja la besi, nalo ndilo mguu wake. Inaingia kwenye mifuko miwili. Na ukiiweka karibu na waimbaji haitoi larseni haraka kama kabati. Niliyaandika yote kwenye daftari. Kichwa chake kilikuwa bado kichwa cha fundi, na nikamwonea fahari.

Wakatuma watatu Lilongwe: papa wa kuchagua, mama prezida wa kushika mkoba, na mimi wa kutafsiri, kwa kuwa nasoma sekondari na Kichewa nakijua. Nilitamani niamke na malaria siku hiyo.

Tulianzia mtaa wa Area 18, kwa bwana mmoja anayekodisha muziki wa harusi, alikuwa anauza seti yake. Kabati mbili na besi mbili, amezipanga uani kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Akawasha muziki wa kucheza. Vioo vya dirisha vikatetemeka, mbwa akaingia chini ya gari. Papa aliweka kiganja kifuani na uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

"Iyi iko na nguvu! Unasikia? Iyi njo sono!"

Nilikuwa nimeshika kiwiko changu kwa nguvu. Aliniona. Kwa mara ya kwanza aliniona na akageuza uso.

Mama prezida naye aliniona. "We unaumwa na kiwiko?"

"Hapana, mama."

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaomba mikro, akasema maneno ya kilio kama anavyoyasema kila mara, ndugu wapendwa tumekusanyika hapa. Ilitoka ngurumo. Hata mimi niliyeyajua maneno sikuyapata.

"Ni kama niko ndani ya pipa," alisema akirudisha mikro.

"Lakini iko na nguvu, mama prezida!"

"Nguvu ya kufanya nini, papa? Tunazika ao tunachimba kisima?"

Tukamwambia yule bwana zikomo, yaani asante, tukaenda Old Town.

Duka lilikuwa refu na jembamba, mwenyewe Mhindi mzee amekaa mbele na chai yake, na kati ya feni na majiko ya umeme walikuwa wamepanga sono. Muuzaji alikuwa mama wa Kimalawi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alitoa nguzo kutoka kwenye mfuko wake, vipande vitatu, akavichomeka kimoja juu ya kingine, na vyote juu ya sanduku la besi. Ikasimama, nyeusi, nyembamba, ndefu kuliko papa. Nilidhani papa atacheka. Hakucheka. Alipiga magoti, akaanza kuuliza, na mimi nikatafsiri kwa sauti yangu ya daftari, nikisema kila kitu mara mbili.

Je, hizo wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za kazi ya kila saa, au ni za kelele moja tu halafu iungue? Ina mahali pa mikro mbili na kinanda kwa mara moja? Umeme wa jenereta ndogo ukipanda na kushuka, itavumilia? Kulikuwa na sanduku la inchi kumi na jingine la inchi kumi na mbili. La kumi na mbili, papa alisema, lingebeba gitaa la besi vizuri zaidi. La kumi lingebebwa na kabaza bila baiskeli kupinda. Kwa uwanja wetu la kumi lingetosha, kwa sababu uani hakuna anayekuja kucheza.

Yule mama alivaa miwani yake. "Bambo awa amadziwa," aliniambia.

"Anasema nini?"

"Anasema huyu baba anajua, papa."

Alinyooka mgongo. Ningependa siku ingeishia pale.

Papa akamwomba awashe muziki. Muuzaji akakataa. Alisema yeye pia ni mwimbaji wa kwaya, na muziki wa dukani unadanganya, umetengenezwa uwe mtamu hata kwenye spika mbovu. Pima kwa sauti ya mtu unayemjua, alisema, mtu wa nyumbani, kwa maana unajua alivyo.

Nilipotafsiri papa akapiga makofi. "Njo vile hata mi nilifundishwa! Aya, weka vokali ya mama yako."

Niliifunika simu kwa kiganja. "Papa, nina mahubiri hapa. Tuweke ya pasta."

"Pasta namusikia kila siku. Weka ya mama yako. Ile ndefu."

Ile ndefu. Hiyo ndiyo aliyokuwa anaijua kuhusu ule ujumbe, kwamba ni mrefu. Yule mama alikwisha kuunga simu yetu, akapunguza besi, akapandisha sauti ya mtu. Papa akaanza kutembea kwenda mlangoni, kama wanavyofanya mafundi, ili asikie kama sauti inafika nyuma. Duka lilikuwa refu. Nilikuwa na hatua zake zote hizo za kusema simu imekufa, au ujumbe umefutika. Mpaka leo sijui kama nilibonyeza kwa wema, au kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba siri ya mtu mzima, au kwa sababu tu nimezoea kufanya ninaloambiwa.

"Papa batoto, njo mimi."

Mama alikuwa ndani ya duka. Sijui kuieleza vingine. Kwenye simu alikuwa sauti, hapa alikuwa na koo, na mate, na ile pumzi anayovuta kabla ya kusema jambo. Nilisikia kuku nyuma yake ambaye sikuwahi kumsikia. Wateja wawili waligeuka. Papa alikuwa amefika mlangoni, amesimama na jua mgongoni, mkono unapanda kwenda kifuani kwa mazoea. Kisha mkono ukasimama njiani.

"...Lakini mi siwezi kuacha mama yako bila we kusema. Sema tu, kuja, ao bakia..."

Ulipokwisha muuzaji aliturudia kwa furaha. Kiswahili hakijui. "Zabwino, eti?" Nzuri, au sivyo?

Mama prezida alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Rudisha," papa alisema.

Nikarudisha. Safari hii alitembea akija, polepole, mpaka akasimama mbele ya nguzo, uso wake sawa na zile spika ndogo, kama mtu anayeongea na mtu.

"Iyi ni ya lini?"

"Ya ile siku," nilisema.

Aliangalia mdomo wangu. "Sema."

"Ya ile siku ulijibu, papa."

"Na mi nilijibu nini?"

Nilisema. Najua nilisema, midomo yangu ilitembea. Papa akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu tangu Uvira: aliweka mkono nyuma ya sikio lake, akainama kwangu.

"Sema kwa nguvu, binti yangu. Sisikii."

Nikapiga kelele. Mimi, ambaye darasani sijawahi kusikika benchi la tatu. "ULISEMA AMUTUNZE KOKO! ULISEMA UMUTUNZE VIZURI! HUKUSEMA KUJA!"

Mhindi mzee alisimama na kikombe chake. Sauti yangu ilikuwa mbaya, imepasuka, na haikuwa na mahali pa kwenda, ikabaki pale kati ya majiko.

Papa alikaa juu ya katoni ya feni. Alikuwa anajipapasa kifuani kwa kiganja, huku na huku, kama mtu anayetafuta funguo. Mama prezida akanigeukia.

"Ulijua?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku."

Nilingoja kofi, lake au la papa, na ningelipokea kwa shukrani. Hakuna aliyenipiga. Papa alisema tu, na safari hii alisema kwa sauti ndogo, ya zamani, ambayo nilikuwa nimeisahau:

"Kumbe mi njo alikuwa ananingoja."

Mama prezida alikwenda mezani peke yake, akamwonyesha muuzaji kwa kidole, hii nguzo, na hili sanduku la inchi kumi. Hakuhitaji mtafsiri.

Kabla hatujapanda gari la kurudi, papa alinipokonya simu. Kulikuwa na makondakta wanaita, honi, mtu anauza mandazi. Aliushika mdomo wa simu karibu sana. "Mama batoto, kuja. Muache mama kwa dada yangu. Mi njo nasema. Kuja." Akaniuliza, "Imefika?" Nikatikisa kichwa, hapana. Alama moja.

Kutoka barabarani hadi kanisani tulitumia kabaza mbili, moja ya sanduku, nyingine ya mfuko wa nguzo. Papa alitembea nyuma yao kwa miguu, mkono mmoja juu ya sanduku ingawa lilifungwa vizuri.

Jumapili alisimama mwenyewe kando ya ile nguzo, akashika mikro. "Ndugu, mi masikio yangu yalikufa Uvira. Muniongelee kwa nguvu." Watu wakaitikia amina, kwa sababu kanisani kwetu kila linalosemwa kwenye mikro linaitikiwa amina, na mtoto mmoja akacheka. Wa nyuma kabisa, karibu na mlango, walisikia kila neno. Ile bafle ilichaguliwa vizuri.

Sasa mikseri ya kanisa naigusa mimi. Papa amekaa benchi la kwanza upande wa ukuta, mahali pangu. Wasichana wa kwaya wananiita sono, na bado naona haya, lakini mwimbaji akizama ninampandisha mwenyewe bila kungoja mtu anishikie kidevu. Tumekwisha kufanya harusi moja na vilio vinne. Kwenye vilio watu wanaweka picha ya marehemu juu ya kiti, kwa maana mwili umebaki Kongo, au haujulikani ulipo. Kila tunapoipanga ile nguzo kando ya kiti, papa anaangalia kiti kwanza, kisha ananiangalia mimi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa mtaa wetu wa Uvira, ndiyo kwanza amefika kambini. Papa alimkalisha, akamuuliza, na mimi nikawa napiga kelele majibu yake sikioni. Alisema alipita mbele ya nyumba ya koko. Haikuchomwa. Mlango ulikuwa na kufuli, kwa nje.

"Kwa nje?" papa aliuliza.

"KWA NJE, PAPA."

Alifikiri sana juu ya kufuli hilo. Anayefunga kwa nje ametoka kwa miguu yake, alisema. Baadaye akasema, au ni jirani alifunga. Kisha akainamia redio ya mtu.

Kila asubuhi narudi na simu kutoka kwa mtu wa sola. Papa amekaa mlangoni na redio ya mtu juu ya magoti. Haulizi, kwa sababu akiuliza itanibidi kupiga kelele na majirani watasikia. Anautazama mkono wangu tu. Ninainua kidole kimoja. Alama moja, haijafika. Naye anatikisa kichwa, na sasa anatikisa mahali panapostahili.